Siku Masoda wa Herode Walikimbia

Zile bunduki, Waridi hakuzipenda tangu siku ya kwanza. Ziko za miti, anajua. Yeye mwenyewe aliona Blaise akizichonga na panga nyuma ya nyumba, anaimba, vipande vya muti vinaruka huku na huku. Lakini kisha yeye na wenzake wakapasua mapile ya zamani ya tochi, wakatoa ule unga mweusi wa ndani, wakauchanganya na mawese, wakapakaa zile miti, wakazianika kwa jua. Toka pale zikaacha kuwa miti. Zilisimama kando ya ukuta, zimepangwa, zinakuangalia. Waridi akitaka kwenda kuteka maji alikuwa anazunguka upande mwingine wa lupango, uwanja wao na majirani, asizipitie karibu.

"Mama Yassine, unaogopa kuni?" Blaise anamuchekelea.

"Ile siyo kuni tena."

"Nitakupikia nayo chai, utaona kama siyo kuni."

Huyu Blaise ni fundi wa kushona, mutu wa tumbo kubwa, kicheko chake ukikaa kwenye musikiti unakisikia. Mutu mwema kabisa, kuku akikufa anahuzunika. Njo yeye walimuweka mukubwa wa masoda, wale askari wa Herode.

Maana ilikuwa mambo ya filme. Olga, jirani ya Waridi pale Kasongo, ana kibanda cha kuchajia matelefone, na ukimupa kadi yako anakuwekea nyimbo na sinema. Kila mwaka Noeli ikikaribia, watu wanamuomba sinema za Noeli, na zote alizokuwa nazo ni za Wazungu: barafu, koti nyekundu, wazee wa ndevu. Siku moja akachoka. Akasema, "Kwani Yesu alizaliwa kwenye friji?" Akaamua atatengeneza filme ya kwetu, fupi tu, ya kuonyesha kwenye salle ya paruasi, pale kanisani, siku ya sikukuu. Yosefu ni mutu wa kuchimba zahabu ya Salamabila. Anakuya na Maria kwa moto, ile pikipiki yake, Maria na mimba yake, wanaomba pa kulala, watu wanawafungia mulango, mutoto anazaliwa kwenye nyumba ya mbuzi. Kisha masoda wa Herode wanakuya, Yosefu anakimbia na familia yake. Imeisha. Watu watalia, watapiga makofi, wataenda kula.

Watu wa kazi walikuwa wachache. Hervé, ule anapiga picha za ndoa, alileta kamera yake, kioo kimepasuka, amekifunga na skoci, ule utepe wa kubandika. Tole moja mpya, bati la kuezekea nyumba, njo ilikuwa ya kurudisha mwanga wa jua kwenye uso wa watu. Maikro ya kunasa sauti waliifunga kwenye muti wa fagio. Grégoire, mutu wa moto, alikuwa Yosefu, na hakufundishwa kitu: kazi yake kila siku ni kubeba wanamuke wenye mimba kwenye matope. Maria alikuwa Emmanuella, muuza mikate ya mafuta, mutoto wa Kilungwe, kijiji kimoja cha barabara ya Kabambare. Njo kwa sababu yake walichagua Kilungwe, kule bado kuko nyumba za nyasi na mbuzi zenyewe. Masoda ni Blaise na vijana wa koro, waimbaji wa kanisa.

Ilibaki Yesu. Ule mutoto wa kwanza waliyemuchagua alishikwa na malaria. Wa pili alikuwa mukubwa, anatembea. Yesu gani anashuka kwenye kitanda chake anaenda kutafuta muhindi wa kuchoma? Olga akakuya jikoni kwa Waridi, akakaa kwenye kiti kidogo, akakamata miguu ya Yassine, mutoto muchanga wa Waridi, akaibusu.

"Mama Yassine, niazime huyu."

"Olga, sisi Waislamu."

"Yeye anajua?"

Waridi akacheka. "Isa bin Mariamu hata sisi tunamujua. Lakini baba yake?"

Baba yake, Faradji, alikuwa Salamabila, anauzia wachimbaji mabote ya mupira na matochi, na rezo ya telefone ya kule wiki nzima ilikuwa imeanguka. Waridi akafikiri kidogo. Usiku wa kuzaa Yassine, ni Olga alimubeba mugongoni kwenye mvua mpaka kwenye moto ya Grégoire. Mutu wa namna ile unamukatalia namna gani?

"Sawa," akasema. "Lakini pale iko mutoto wangu, niko. Siendi mbali naye hata hatua."

"Hata hatua," Olga akasema.

Basi wakaenda. Na tusiseme Olga alikuwa mujinga, hapana, alikuwa amefikiri. Alipitia kwa masoda wa kweli wa bariere ya barabarani, akawaonyesha zile bunduki, wakazishika, wakacheka mpaka machozi. Alipitia kwa kapita, mukubwa wa kijiji cha Kilungwe, na kapita akatuma mutu apite na ngoma asubui na mangaribi: "Watu wa sinema wanakuya, bunduki zao ni miti, musiogope!" Watoto wakaimba ile maneno njiani kama wimbo. Sasa unataka afanye nini zaidi?

Lakini ile barabara ya Kabambare, Waridi aliiogopa pia. Kasongo iko na watu, iko na soko, ukipiga kelele mutu anatoka. Ukivuka kule, pori linakuya karibu na barabara, majani yanakugusa bega, na kimya kinakuwa kingine. Njiani kote alimubana Yassine kifuani mpaka mutoto akalalamika.

Asubui ilienda vizuri, tuseme kweli. Mbuzi walikataa kukaa ndani ya nyumba yao, sababu watu walijaa mule, wakasimama inje wakishangaa. Tole ilipiga mwanga kwenye jicho la jogoo, jogoo akachanganyikiwa, akaanza kuwika. Yassine akilia kwa Emmanuella, Waridi anakohoa kidogo pembeni, mutoto anasikia kikohozi cha mama yake, ananyamaza. Emmanuella akajifunza kumubeba, akamuimbia Kibangubangu polepole, ikawa muzuri. Wamama wa kijiji walikaa chini ya ukuta kuangalia, na karibu kuliko wote alikaa mama muzee mumoja, Anastasie, muguu umevimba, mudomo haufunge.

"Yosefu, umesimama tu kama munara wa rezo! Pokea mutoto, muke wako amechoka!"

"Mama muzee, tunachukua picha," Hervé anamuomba.

"Chukua. Nimekukataza?"

Watu wakacheka. Waridi naye akacheka, roho ikashuka kidogo.

Kisha saa ya masoda ikafika. Olga akaangalia jua, akaangalia kijiji, akanyosha kidole kule chini, kwenye kinjia cha kutoka mutoni, kinachopita kwenye mashamba. "Blaise, mutatokea pale."

Emmanuella alikuwa anafunga kikwembe, kitenge chake cha rangi ya bulu, kichwani. Mikono ikasimama. "Yaya Olga, siyo ile njia."

"Kwa nini?"

"Acha tu. Wapitie kwenye barabara."

"Kwenye barabara jua liko nyuma yao, Hervé ataona watu weusi tu bila sura. Kule chini mwangaza muzuri, unaona? Unapita kwenye migomba."

Kweli mwangaza ulikuwa muzuri. Emmanuella akaangalia kile kinjia, akafungua kinywa, akakifunga. Wamama wa chini ya ukuta nao waliacha kuongea. Olga akaona wamenyamaza, akafikiri wanaheshimu kazi.

Wakamulaza Yassine ndani ya kitunga, kwenye nyasi, mule ndani ya nyumba ya mbuzi. Alikuwa ameshiba, ananyonya kidole. Waridi akachuchumaa kando yake.

"Mama Yassine, unaingia kwenye picha."

"Nikae hapa chini?"

"Bado kiwiko kinaonekana. Toka inje, nyuma ya kona ile. Ni kidogo tu, mama, ni kidogo."

Akatoka. Kona haikuwa mbali. Lakini toka pale hakukiona kitunga.

"Moteri!" Olga akalia. "Aksyo!"

Wakatokea kwenye migomba wakikimbia, Blaise mbele, jasho linang'aa, bunduki juu, wanapiga kelele za kutisha. Na Waridi, mwenye kujua majina yao wote, mwenye kuwapikia muhogo jana yake, alijibana kwenye ukuta.

Ndipo mwanamuke akalia kule chini, nyuma yao.

Baadaye ilijulikana. Kuko wamama waliokuwa wamelala siku kadhaa kwenye vibanda vya shamba, wakifukuza ndege kwenye muchele. Ngoma ya kapita hawakuisikia. Walikuwa wanapanda kutoka mutoni na mizigo yao, wakaona migongo ya watu wenye bunduki wakikimbilia kijijini mwao, kwa ile njia waliyopitia wauaji wa zamani. Mumoja wao akaacha sauti itoke: "Wanakuyaaa!"

Neno moja tu. Na Kilungwe, neno lile mutu haulizi nani, haulizi wapi. Wale waliocheka asubui, wale walioimba "bunduki ni miti", waliinuka kama kuku wameona mwewe. Hakuna aliyelia tena. Njo kitu kilimuogopesha Waridi kuliko kelele: watu wote wale wanakimbia na midomo imefungwa, miguu tu inasikika, tup-tup-tup, kama mvua inaanza. Kapita alipita mbele yake, kiatu kimoja. Na masoda wa Herode, waliposikia ule mulio nyuma yao, wakafikiri masoda wa kweli wamekuya. Nao wakakimbia! Blaise akapenya katikati ya watu na bunduki yake mukononi, na kila mwenye kumuona akazidisha mbio.

Waridi alikimbilia kwenye nyumba ya mbuzi. Bega la mutu likamupiga, akaanguka, akainuka, akaingia. Kitunga kilikuwa kimelala ubavu. Aliingiza mukono kwenye nyasi. Nyasi zilikuwa na joto. Mutoto hakuwamo.

Alitoka, na watu wa mwisho wakamusukuma mbele yao mpaka kwenye muhogo, mpaka muhogo ukaisha pori likaanza. Hapo muguu ukashikwa na muzizi, akalala kifudifudi kwenye majani maji, na hakuna aliyesimama.

Kikawa kimya. Wala ndege.

Watu wa kule wana desturi moja, na hata wa Kasongo waliokimbia zile miaka za vita wanaijua: siku ya kukimbia hakuna mutoto wa nani. Ule iko karibu na mukono wako njo wako. Unambeba, unaenda naye. Watoto wengi walipona hivyo. Waridi alijua kuna mutu amemubeba Yassine, na alimushukuru Mungu kwa ule mutu, na palepale shukrani ikakatika. Maana alikumbuka jambo lingine, la wakati yeye mwenyewe ni mutoto. Walikuwa wamejificha kwenye shimo la mizizi, watu wengi, na kulikuwa mutoto muchanga wa jirani. Alianza kulia. Wakamufunika na kikwembe. Wale watu wa bunduki wakapita, wakapita muda murefu. Walipofunua kikwembe mutoto alikuwa ametulia, na mama yake akaendelea kumubeba vile siku nzima.

Majani yakacheza kando yake. Bunduki ikatokea kwanza. Kisha tumbo likafuata, likitambaa, na uso wa Blaise umejaa udongo.

"Mama Yassine," akanong'ona. "Umewaona? Wako wangapi?"

"Nani?"

"Masoda."

Waridi akamuangalia. "Blaise. Masoda ni weye."

"Hapana, wale wa nyuma. Ule mama alilia juu ya nani?"

"Juu yako."

Blaise akaangalia kitu alichoshika mukononi, kama mutu amekuta nyoka ndani ya sufuria. Akaitupa. Akaanza kulia mutu muzima.

Waliporudi, kijiji kilikuwa peke yake. Sufuria zinachemka. Radio moja inaongea mule ndani na hakuna wa kuisikiliza. Mbuzi sasa walikuwa wameingia kwenye nyumba yao. Olga alikuwa amesimama katikati, mikono kichwani, na Hervé, na Grégoire. Vijana wa koro wakarudi mumoja mumoja, vichwa chini. Emmanuella akatoka kwenye migomba, kikwembe chake cha bulu kimepasuka.

"Nani amemubeba?" Waridi akauliza. "Nani aliona?"

Hakuna aliyeona. Olga akaenda mpaka mwisho wa nyumba, akaweka mikono kinywani: "Rudini! Ilikuwa sinema! Muru—"

Emmanuella akamurukia, akamuziba. "Usiite! Ukiita wanazidi kwenda mbali. Ule mwaka wa vita watu wa bunduki walimukamata papa Joël, wakamwambia aite watu wake kwa majina, aseme wamekwisha kwenda. Akaita. Watu wakatoka. Toka pale hapa hakuna anayeitikia sauti ya mutu. Hata ya mama yake."

Waridi alisikia maziwa yakianza kusukuma kifuani. Mwili wa mama una saa yake. "Anaamuka sasa," akasema. "Anataka kunyonya. Asiponiona atalia."

Wote waliinamisha macho. Walikuwa wakubwa, wote walijua kinachofuata, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukisema. Akakisema Waridi mwenyewe.

"Watamufunika kinywa."

Akageuka kuelekea porini. Grégoire akamukamata mukono. "Mama, usikimbie mule. Mwenye kujificha akisikia mutu anakimbilia upande wake, njo anakaza."

"Niache!"

"Anakaza, mama. Ninakuambia."

Alikaa chini pale pale kwenye udongo. Aliwaza Faradji, atamwambia nini, kwa kinywa kipi. Nilimutoa mutoto wako akacheze Noeli. Kisha akamuona Emmanuella. Wengine wote walikuwa wanaangalia pori, Emmanuella alikuwa anaangalia nyumba moja, ya pembeni, na anauma mudomo.

"Emmanuella. Unajua kitu."

"Sijui."

"Unajua."

"Mama Yassine, usiniulize." Akageuza uso. "Iko alama. Ya kusema imeisha, rudini. Haisemwi kwa mugeni. Mama yangu alinionyesha siku nilipopata damu ya kwanza, hata bwana yangu sijamwambia. Mugeni akiijua, siku moja itamufikia mutu mubaya, na kijiji chote kitatoka kwenye mikono yake. Unaelewa? Chote."

Waridi akatambaa kwa magoti, akamukumbatia miguu. Hakusema juu ya Mungu, hakusema juu ya Olga wala filme. Alisema, "Asubui ulimuimbia. Alilala kwako."

Emmanuella alifunga macho.

"Wanaume waende," akasema. "Wote. Barabarani, mbali, wageuze migongo. Na ile kamera."

Wakaenda mbio. Emmanuella akaingia kwenye nyumba ile ya pembeni, akavingirisha kinu kikubwa mpaka inje. Akawatuma Waridi na Olga wachume sombe, majani ya muhogo, wajaze, maana kinu kikavu hakisemi vizuri. Akaleta mitwango miwili, miti ya kutwangia. Mutu wa bunduki, akasema kwa haraka, anaweza kumulazimisha mutu mumoja aite, mumoja atwange. Lakini wanamuke wawili kutwanga pamoja, mumoja anapanda mwingine anashuka, na kila mara kugusa mudomo wa kinu kwa zamu yake, ukiwa na bunduki mugongoni mukono unakosea. Unakosea tu. Na wale wa porini wanasikia.

Olga akachukua mutwango wa pili. Mikono yake ilikuwa ya kibanda cha telefone. Tu, tu, tu-tu.

"Hapana! Hivyo ni mutu anapigwa! Utawakimbiza mpaka Salamabila!" Emmanuella akamukemea.

Waridi akaunyang'anya. Akasimama mbele ya Emmanuella, kinu katikati. Mikono ilikuwa inatetemeka, na njo kitu ambacho hakikutakiwa. Akavuta pumuzi. Wakaanza.

Tu. Ta. Tu. Ta. Kisha mudomo wa kinu: ko. Tu. Ta. Ko.

Sombe ikaanza kunuka mbichi. Maziwa yakatoboa blauzi ya Waridi, yakashuka tumboni, yakaingia kwenye kikwembe. Hakuyapangusa. Jua likahama toka ukuta mumoja mpaka mwingine. Pori halikucheza.

"Wamesikia?" akauliza.

"Twanga."

Tu. Ta. Tu. Ta. Ko.

Ndipo akasikia. Mbali, upande wa kulia, nyuma ya michikichi. Mulio mufupi wa mutoto, ule wa njaa, anaujua kama jina lake. Ulitoka. Na ukakatwa.

Mutwango wake ukakosa, ukapiga pembeni.

"Rudi!" Emmanuella akasema kwa meno. "Rudi, mama! Ukisimama sasa wanafikiri tumeshikwa. Wanaenda!"

"Umesikia? Wamemu—"

"Nimesikia. Twanga."

Na Waridi akatwanga. Mutu asiyepata kubeba mimba hatajua ile ilikuwa nini. Akatwanga bila kukosea, anapanda Emmanuella anashuka, machozi yanaingia kwenye sombe, masikio yote kule michikichini, na hakuna kitu kinatoka kule tena. Hakuna. Kila akiinua mutwango alisema jina moyoni, kila akiushusha alimuomba ule mutu asiyemujua: legeza. Legeza kidogo. Olga alikuwa amekaa chini, amejifunika kichwa na kikwembe, asione.

Mwanamuke wa kwanza alitokea na jembe. Alisimama kwenye majani, nusu ya mwili, akawaangalia. Wao hawakusimama. Akatoka hatua, akasimama tena. Kisha mwingine. Kisha watu wawili, watatu, kichwa hapa, bega pale, hawasemi. Waridi aliangalia mikono ya kila mumoja, na mikono ilikuwa na jembe, na sufuria, na mutoto mwingine.

Mama muzee Anastasie alikuya wa mwisho, na ule muguu wake wa kuvimba. Namna gani alikimbia na ule muguu, mpaka leo watu wanaulizana. Kikwembe kilikuwa kimefungwa kifuani, na mukono mumoja uko ndani.

Mutwango ulianguka.

Waridi akafungua kile kikwembe yeye mwenyewe, vidole havisikii. Yassine alikuwa macho wazi. Alikuwa na joto. Kwenye mashavu yake mulikuwa alama za vidole, hapa na hapa.

"Nilimufunika," mama muzee akasema, kwa ile sauti ya chini ya porini, hakuwa bado ameiacha. "Alitaka kulia, nikamufunika. Lakini nilimuachia pua, mama. Nilimuachia pua." Akatikisa kichwa. "Wa binti yangu, ule mwaka, sikumuachia."

Waridi hakujua amupige ama amupigie magoti. Alikaa chini na mutoto, akamupa ziwa.

Yassine hakulikamata. Maziwa yalimushukia shingoni. Aliangalia tu, angalia, macho makubwa, kinywa kimefungwa kama cha mutu muzima. Waridi akamupulizia usoni. Hakuna. Akamukoholea kile kikohozi chake cha asubui. Hakuna.

"Lia, baba," akasema. "Lia, niko hapa."

Watu wakamuzunguka. Walikuwa wengi sasa, na bado wananong'ona. Kapita akafika na kiatu chake kimoja, akaona kinu, akaona sombe, na uso wake ukabadilika. "Nani ametwanga mbele ya wageni?"

"Ni mimi," Emmanuella akasema.

"Umetuuza."

"Nitasimama mbele ya wazee. Siyo sasa, papa."

Mwanamuke wa jembe, hata hakumuangalia kapita, akasema, "Tutatafuta alama ingine." Na wamama wengine wakaitika kwa kichwa, wamechoka, kama watu wanajua ni kazi kubwa na itawakaa wao.

Waridi hakusikia. Alimugeuza Yassine, akamupangusa mugongo. Akamukamata muguu mudogo, ule Olga aliubusu, akamufinya. Mama anamufinya mutoto wake. Akamufinya tena, kwa nguvu.

"Lia! Nakuambia lia!"

Kidevu kikaanza kutetemeka. Kinywa kikafunguka bila sauti, murefu, murefu, mpaka wote waliacha kupumua. Kisha ikatoka. Mulio mukubwa, wa hasira, ukajaa kijiji, ukapita juu ya nyasi za nyumba, ukashuka mpaka kwenye kile kinjia cha mutoni.

Na watu wote wa Kilungwe, kapita, wamama, wanaume waliokuwa wanarudi toka barabarani, wakageuza vichwa kwa mara moja kuangalia pori. Wote. Mukono wa mama muzee Anastasie ukainuka wenyewe, vidole vimefunguka, ukaenda kwenye kinywa cha mutoto.

Waridi akauona. Hakurudi nyuma.

"Mwache alie, mama," akasema.

Ule mukono ukasimama pale hewani. Mama muzee akaushika na mukono wake mwingine, kama unavyoshika mbuzi anayetaka kutoroka, akaushusha mpaka kwenye magoti, akauweka pale, akaubana. Yassine akalia, akalia, na hakuna aliyemunyamazisha.